Naombeni ushauri: nimepewa kuandika wasifu wa bibi, wazee wanataka nifute nusu ya maisha yake

Mjukuu wa Mlimani

Wakuu, habari za usiku. Bibi mzaa baba ametutoka Jumapili alfajiri. Maziko ni Jumamosi nyumbani Kilimanjaro, mlimani juu ya Himo, atalala kihambani, shamba la migomba la ukoo, pembeni ya babu. Kikao cha jana kimenikabidhi mimi kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, kwa sababu miaka sita ya mwisho niliishi naye. Mchungaji ametoa dakika saba.

Kwanza ni umri. Kitambulisho cha NIDA kinasema 1 Julai 1938. Baba mkubwa anasema bibi alikuwa na miaka 98. Shangazi anasema mia ilishapita. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anajibu, "Nilikuwa nachunga mbuzi nzige walipofunika jua," basi, anarudi kumenya ndizi zake.

Hilo naweza kuishi nalo. Linaloninyima usingizi ni jingine. Nilisoma rasimu mbele ya wazee, na kila nilipofika pazuri mtu alikohoa.

Babu alifariki 1974, wakati baba yangu, kitinda mimba, ana miaka mitatu. Ukoo ukakaa, ukaamua mdogo wake babu amrithi bibi. Bibi aliwapikia, wakala, wakanawa mikono, ndipo akawaambia hataki. Walipoanza kumsumbua kuhusu kihamba akashuka kwa miguu mpaka mahakama ya mwanzo, mtoto mgongoni. Alishinda. Sasa watoto wa huyo babu mdogo Jumamosi watakaa viti vya mbele.

Halafu mbege, pombe yetu ya ndizi. Sare na nauli za watoto saba zilitoka kwenye pipa la mbege, kila mtu pale kijijini anajua. Wazee wa usharika wa wakati ule wakamzuia meza ya Bwana. Hakuacha kupika na hakuhama kanisa. Alikaa benchi lilelile, la pili kutoka mbele, wenzake wakiinuka kwenda kushiriki yeye anabaki anaimba kwa sauti. Ilichukua karibu mwaka mpaka wakachoka wao.

Na magendo. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 alikuwa anavuka usiku kwenda Taveta na kahawa kichwani, anarudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Baba mkubwa amefoka: "Unataka mama yangu azikwe kama mlanguzi?"

Ukiondoa hayo ninabaki na alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alimpenda Mungu, ameacha wajukuu 31. Huyo ni bibi wa mtu yeyote. Nifanyeje?

Mama Wawili

Pole sana mwanangu. Mungu ampumzishe.

Mimi nimeolewa huko huko mlimani, nakwambia kama mama. Hilo la kurithiwa usilitoe, ila usitaje mtu. Sema "baada ya kufiwa na mume alichagua kubaki mjane na kulea watoto wake mwenyewe katika kihamba cha baba yao." Wanaojua watajua. Hao watoto wa babu mdogo hawakukosea kitu, wengine wakati ule hawajazaliwa. Ukiwaaibisha mbele ya jeneza utaanzisha kesi ambayo hata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, halitaimaliza.

Mbege taja. Nani asiyejua?

Mwana wa Pangani

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole kaka.

Kwetu pwani mambo ni mepesi, akifa asubuhi alasiri ameshazikwa, hakuna wa kusoma karatasi. Mimi nasimama na wazee wako. Maiti husitiriwa. Mambo ya magendo na pombe mbele ya watu mia nne ya nini? Msome kwa wema wake, hayo mengine mtasimuliana jikoni.

Mjukuu wa Mlimani

Mwana wa Pangani, nimekuelewa, na kama zingekuwa siri zake nisingefungua mdomo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anatusimulia kila Desemba tukijaa pale nyumbani, anacheka mpaka anashika mbavu. Ile ya Taveta nimeisikia zaidi ya mara ishirini. Hata mkwe mpya alikuwa anasimuliwa siku ya kwanza, kabla hajamaliza mtori wake.

Karani Mstaafu

Pole kijana. Nimekuwa karani wa usharika miaka mingi, acha nikusaidie kwenye umri.

Nzige waache. Hawakuja mara moja. Pigo kubwa la nzige wekundu lilianza 1930 na kuisha 1944, na bado kulikuwa na nzige wa jangwani, hao ni aina nyingine na nyakati zao nyingine. Mtoto aliyechunga mbuzi "wakati wa nzige" anaweza kuwa wa 1924 au wa 1937. Hiyo 1 Julai ya kitambulisho nayo ni tarehe ya kukadiria, wazee wengi wanayo.

Fanya hivi kesho asubuhi. Nenda usharika aliobatiziwa, siyo alikoolewa, watu wengi wanakosea hapo. Omba kitabu cha ubatizo. Walutheri walifika Kilimanjaro 1893 na walikuwa watu wa kuandika. Usitafute jina mnalolijua ninyi, tafuta jina la baba yake, maana enzi zile tahajia ilikuwa ya aliyeshika kalamu. Ukikosa, tafuta kipaimara. Kwa kawaida walipata wakiwa vijana wa miaka 14 au 15, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma.

Na pima kwa uzazi. Mtoto wa kwanza alizaliwa lini?

Mjukuu wa Mlimani

Shangazi ni 1952, ana cheti. Baba 1971.

Karani Mstaafu

Basi mia haipo. Angekuwa na mia, baba yako angezaliwa mama ana miaka 46 au zaidi. Inatokea, lakini mimi nisingeiandika msalabani. Na ya 1938 inamfanya mzazi wa miaka 14. Mtafute katikati.

Angalizo moja: karatasi za kifo na mirathi ziacheni zifuate kitambulisho, msije mkasumbuka kwa majina na tarehe kutofautiana. Mwaka wa kweli uandike kwenye wasifu na msalabani.

Wakili wa Kata

Naongezea kitu kidogo kwenye ile kesi, maana naona watu wanaichukulia kama ugomvi wa kifamilia. Sheria ya Ndoa ilipitishwa 1971. Kifungu cha 68 kinasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, na kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe. Mwaka 1974 sheria hiyo ilikuwa na miaka mitatu tu. Upande wa ardhi alikuwa na kibarua kigumu zaidi, kwa sababu mila zilizoandikwa 1963 hazikumpa mjane urithi wa maana mbele ya ukoo wa mume. Nadhani alichoshinda ni haki ya kulea watoto kwenye mali ya baba yao. Muulize shangazi kama hukumu ipo, wanawake wa aina hiyo huwa hawatupi karatasi.

Mzee wa Foleni

Mlanguzi! Huyo baba mkubwa alikuwa anaogea nini miaka ile?

Vijana hamjui. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, mkulima anapeleka kahawa anaambiwa subiri. Na bei ya dunia ilikuwa juu kweli, maana baridi iliua mibuni ya Brazili 1975. Taveta wanalipa taslimu. Dukani hakuna sabuni, tunafulia majani ya mpapai. Tumekula unga wa Yanga, ule wa njano wa Marekani, kwa foleni. Mjane mwenye watoto saba ulitaka afanye nini?

Muulize huyo baba mkubwa 1983 bibi alificha wapi vitu, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi. Kwetu watu walitupa mali mtoni usiku.

Mjukuu wa Mlimani

Mzee, nimecheka msibani. Nimemuuliza shangazi sasa hivi, anasema katoni ya sabuni ilifukiwa kwenye shimo la mbolea nyuma ya zizi, na ikafufuliwa miezi baadaye. Nguo za shule zilinuka ng'ombe muhula mzima.

Hukumu ipo! Iko kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, pamoja na kadi ya kliniki ya baba.

Mama Wawili

Eeh. Sasa umepata pa kuanzia.

Mjukuu wa Mlimani

Wakuu, narudi na mrejesho, tumezika juzi.

Karani Mstaafu, Mungu akubariki. Jina la bibi sikulipata, nikatafuta la baba yake kama ulivyosema. Amebatizwa akiwa mchanga, 1931. Kwa hiyo 94. Baba mkubwa aliangalia picha ya kile kitabu kwenye simu yangu muda mrefu, akasema, "Kumbe alikuwa ananizidi miaka ishirini na tatu tu."

Wasifu niliandika upya. Ya kurithiwa nilifuata maneno ya Mama Wawili karibu yote, nikaongeza tu kwamba alienda mahakamani akiwa na mtoto mgongoni na mtoto huyo ni baba yangu. Mmoja wa watoto wa babu mdogo alikuja baadaye kunishika mkono, hakusema kitu. Ya meza ya Bwana nilisema alikaa benchi la pili maisha yake yote, "hata mwaka ule." Mchungaji ni kijana, hakuelewa. Wazee walielewa, niliona vichwa vikiinama.

Taveta nilikuwa nimeifuta. Kweli, nilimwonea huruma baba mkubwa. Nafika mwisho wa karatasi, bibi mmoja wa nyuma kabisa, na mkongojo wake, akapaza sauti: "Na Taveta mbona hujasema? Tulikuwa wote!" Watu wakaangua kicheko, jeneza liko pale katikati. Nikamwangalia baba mkubwa. Alikuwa amefunika uso kwa leso na mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Akanipungia mkono niendelee. Nikaisimulia, na shimo la mbolea nikatia. Dakika saba zilizidi.

Mwana wa Pangani, najua hutakubali, ila asante.

Kasoro ni msalaba. Fundi alishaupaka 1938 kabla sijatoka usharikani. Amesema wiki ijayo anapita kuurekebisha.