MREJESHO: Beringi za rili ya kuvulia, nimebadilisha mbili tu

Wakuu, habari za muda. Niliuliza kama nibadilishe beringi zote za rili yangu ya spinning (kifaa cha kukunjia mshipi) niweke za seramiki, maana ilikuwa nzito na inalia kila nikitoka kuvua Shangani, hapa Mtwara. Asanteni sana mlionijibu, mmeniokolea hela.

Nilifuata ushauri wa kuosha kwanza. Nilitoa vizibo, nikaziloweka beringi kwenye petroli (nje, mbali na moto), nikazikausha, kisha tone la oili nyepesi. Nyingi zimerudi kuzunguka vizuri. Iliyokufa kabisa ni ile ndogo ya kiroli cha mshipi (kigurudumu ambacho mshipi hupitia ukikunjwa), 4×7×2.5 mm. Chumvi ilikuwa imeganda ndani, kiroli hakizunguki, mshipi unasuguliwa palepale hadi unachunika. Hiyo, pamoja na ya gia ndogo, nimeweka mpya za chuma kisichoshika kutu, zenye vizibo vya mpira.

Seramiki nimeachana nayo. Mkuu mmoja alieleza kwamba gololi tu ndizo za seramiki, ringi zake bado ni chuma na chumvi inazila vilevile. Faida yake iko zaidi kwenye baitcaster, aina nyingine ya rili, ambako spuli (sehemu inayobeba mshipi) huzunguka wakati wa kurusha. Spuli ya rili yangu haizunguki ukirusha.

Kilichobaki: nikivuta kolekole mkubwa rili bado inakwaruza. Meno ya gia kuu yamelika, na hilo beringi haitibu. Mwenye kujua gia inapopatikana Mtwara au Lindi aniambie.