Visakinishi vya mifumo endeshi viache kukisia kibodi zetu

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na watengenezaji wa visakinishi, yaani programu zinazoweka mfumo endeshi kwenye kompyuta, wanaoamini kwamba lugha ya mtu na nchi aliyomo vinatosha kueleza kibodi iliyo mbele yake. Kompyuta nyingi tunazonunua Kariakoo au barabara ya Luthuli zilitumika kwanza Uingereza, Ujerumani au Ufaransa, na vitufe vyake vimebaki na alama za huko. Kisakinishi hakiulizi hilo. Kinatazama nchi, kinapendekeza mpangilio wa kibodi, yaani kitufe kipi kitoe herufi ipi, mara nyingi ule wa Marekani, na mtumiaji anabonyeza Endelea kwa kuwa hakuna kinachomwonya.

Kisha anatakiwa kuweka nywila, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu herufi zote zinafichwa kwa vidoto. Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ iko karibu na Enter, ilhali katika mpangilio wa Marekani kitufe hicho hicho kikibonyezwa pamoja na Shift hutoa alama ya kunukuu. Kibodi ya Ufaransa ni balaa zaidi: mtu akiandika "mama" kwa kufuata herufi anazoziona, mfumo unaodhani kibodi ni ya Marekani unapokea ";q;q". Kumtaka arudie nywila hakumsaidii chochote, maana anarudia vitufe vile vile, vidoto vinalingana, na kisakinishi kinaridhika. Siku mpangilio utakaporekebishwa, nywila hiyo itakataliwa, na ataambiwa amesahau. Hajasahau!

Nimewahi kuletewa kompyuta ya mwalimu mmoja ambaye fundi wa awali alikuwa amemfutia diski nzima, pamoja na maandalio yake yote ya masomo, kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kubadili mpangilio wa kibodi pale pale kwenye ukurasa wa kuingia. Kazi ya mtu imepotea kwa sababu ya ukurasa mmoja uliobuniwa kwa uzembe.

Kwa aliyefunga diski yake kwa usimbaji, ili isisomeke bila nywila, hatari ni kubwa zaidi. GRUB, programu inayoanzisha mifumo ya Linux kompyuta inapowashwa, inapolazimika kufungua diski kabla mfumo haujawaka, kwa kawaida husoma kibodi kana kwamba ni ya Marekani, hata kama wakati wa kusakinisha ulichagua ile ya Ujerumani, ambayo Z na Y zimebadilishana nafasi. Kisakinishi kinachokuruhusu kuweka nywila ya diski bila kukueleza jambo hili kinakuficha habari unayoihitaji kuliko nyingine yoyote.

Wala dawa yake si ngumu. Kisakinishi cha Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kina kisanduku cha kujaribia kibodi, jambo ambalo nalishukuru, ila anayekipita bila kuandika kitu hazuiwi. Ninachodai ni kwamba jaribio liwe la lazima kabla ya ukurasa wa nywila kufunguka, likihusisha alama zinazohamahama kama @, Z na M. Jina la mpangilio unaotumika lionekane kando ya kisanduku cha nywila. Na mtu aweze kuziona herufi anazoandika. Sikubali jibu la kwamba mtumiaji angekuwa makini, kwa kuwa umakini hauoni kilichofichwa nyuma ya vidoto.

Wenzetu mnaochangia kutengeneza au kutafsiri programu hizi, naomba mlifikishe dai hili kwa wahusika. Na yeyote anayekijua kisakinishi kinachotekeleza haya yote, akitaje hapa, nianze kukitumia kwa wateja wangu.