Mjadala: Filamu za mafia zinatudanganya kuhusu undugu?

Wadau, naleta mada hii nikiwa na msimamo tayari, na atakayeupinga namkaribisha. Kila zinapotajwa filamu za mafia, mashabiki wake huzitetea kwa hoja ileile: weka bunduki pembeni, utaona ni hadithi ya familia inayoshikamana, wale watu, pamoja na ubaya wao wote, hawamtupi ndugu yao. Mimi nasema uongo mkubwa wa filamu hizo uko hapohapo.

Chukua The Godfather ya mwaka 1972, maana nyingi zilizofuata zimepita njia yake. Francis Ford Coppola anaifungua kwa mhamiaji wa Kiitaliano, mwenye biashara ya mazishi, aliyekwenda kumlilia Don Corleone. Vijana wawili wamempiga binti yake vibaya, hakimu akawapa kifungo cha nje, wakarudi kwao siku hiyohiyo. Nani asiyemwonea uchungu mzee yule? Aliyewahi kuzungushwa mahakamani atamwelewa haraka zaidi. Ndani ya dakika chache tumeshakubali kwamba bosi wa genge ni baba wa wanyonge, mtoa haki pale serikali inaposhindwa. Tukishakubali hilo, tunahamia nyumbani kwake: tunacheza harusi yao, tunalia msiba wao. Mwenye duka anayekamuliwa pesa za ulinzi na magenge kama yale hatupelekwi kwake hata mara moja tukaone watoto wake wanalalaje.

Na genge lenyewe lilijua uzito wa picha hiyo. Kabla filamu haijakamilika, chama cha kutetea Wamarekani wenye asili ya Italia kiliwabana watengenezaji mpaka mtayarishaji Albert Ruddy akakubali neno "Mafia" litolewe kwenye mswada. Mwanzilishi wa chama hicho alikuwa Joseph Colombo, bosi wa mojawapo ya familia tano za uhalifu za New York.

Najua jibu linalokuja: mbona Michael, mwana wa Don Corleone aliyerithi kiti chake, anamuua shemeji yake, na katika sehemu ya pili, ya mwaka 1974, anaamuru kaka yake Fredo auawe? Ni kweli, na hoja hiyo siidharau. Coppola hakuficha kwamba ukoo ule unajitafuna. Lakini angalia huruma yetu inaelekezwa wapi. Tunabaki na Michael aliyekaa peke yake na huzuni yake. Aliyetoa amri ndiye tunayempa pole, na Fredo anazikwa na jina la msaliti.

Sicily kwenyewe, kisiwa cha Italia ilikozaliwa mafia, mambo yalikuwaje? Tommaso Buscetta, mwanamafia wa huko, alipoteza watoto wawili wa kiume mwaka 1982. Walitoweka wasionekane tena. Kaka yake na mkwewe nao wakauawa. Wakati huo alikuwa hajasema neno lolote kwa serikali. Alianza kuzungumza na hakimu Giovanni Falcone mwaka 1984, na maelezo yake yakawa mhimili wa kesi kubwa ya Palermo iliyofunguliwa Februari 1986 dhidi ya washtakiwa zaidi ya 400. Kisha kuna Giuseppe Di Matteo, mtoto wa miaka 12, aliyetekwa mwaka 1993 kwa sababu baba yake, naye mwanamafia, aliamua kutoa ushahidi. Walimfungia zaidi ya miaka miwili, wakamnyonga Januari 1996 na kuuyeyusha mwili wake kwa tindikali. Tumezoea kusema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili huanza na wale linaowajua.

Kwangu mimi, kama ni undugu, mfano wake ni Felicia Impastato wa Cinisi, mji mdogo wa hukohuko Sicily. Mume wake alikuwa mtu wa mafia. Mwanawe Peppino aliikataa njia hiyo, akaanzisha redio na kumkejeli hewani bosi wa mji, Gaetano Badalamenti. Baba akamfukuza nyumbani. Tarehe 9 Mei 1978 Peppino aliuawa, mwili wake ukalipuliwa kwenye reli ili aonekane gaidi aliyekufa akitega bomu. Mila ya pale ilimpa mama njia mbili: anyamaze, au ukoo ulipe kisasi. Akazikataa zote mbili. Akafungua mlango kwa yeyote aliyetaka kusikia habari za mwanawe, akamtaja Badalamenti, na akasubiri miaka 24 hadi mwaka 2002 bosi huyo alipohukumiwa kifungo cha maisha. Waitaliano walimtengenezea Peppino filamu mwaka 2000. Ni nzuri sana, lakini wanaoifahamu huku kwetu ni wachache mno ukilinganisha na wanaomjua Don Corleone.

Jambo moja la mwisho. Tangu mwaka 2012, mahakama ya watoto ya Reggio Calabria, chini ya jaji Roberto Di Bella, ilianza kuwatoa watoto katika koo za 'Ndrangheta, mafia ya mkoa wa Calabria kusini mwa Italia, ili wasirithishwe uhalifu. Wapo akina mama walioiendea mahakama wenyewe kuomba wanao wapelekwe mbali. Basi nyinyi mnaosema filamu hizi ni za undugu, nijibuni: mama wa namna hiyo, ndani ya filamu mnazozipenda, angepewa nafasi ya nani?