Fuso imebadilishwa giaboksi: propela ikatwe, itafutwe ya mtumba, au isogezwe beringi ya katikati?

MchangaKisongo
Wakuu, Fuso yetu ya mchanga imefungwa giaboksi ndefu kuliko ya zamani. Flenji (sahani ya boliti ya kuungia propela) imerudi nyuma sentimita 4, propela ya mbele haiingii. Propela, ile shafti inayotoa mzunguko kwenye giaboksi kupeleka kwenye difu ya ekseli ya nyuma, ni vipande viwili, na beringi ya katikati inakishika cha mbele. Hapa Unga Limited, Arusha, fundi mmoja anasema tuikate, mwingine tutafute ya mtumba, wa tatu anataka kusogeza beringi ya katikati. Kipi salama?

FundiPasua
Usisogeze kabla hujapima. Kipande cha mbele hakina pa kuteleza. Kinachoteleza ni meno ya propela ya nyuma, yale yanayoingia na kutoka difu ikipanda na kushuka. Beringi ikirudi nyuma, nafasi ya meno inaliwa. Pima gari ikiwa imekaa kwenye matairi, maana kwenye jeki difu inaning'inia na vipimo vinadanganya. Sukuma meno mpaka mwisho, piga alama ya chaki, funga, kisha angalia. Ibaki nafasi ya kama milimita 25 kabla meno hayajafika mwisho. Isipobaki, ukiingia shimo na mzigo propela itasukuma difu na beringi.

SpeaNgaramtoni
Nauza mitumba, lakini usinunue kwa macho. Chasisi zinatofautiana urefu. Njoo na kipimo cha flenji kwa flenji, na ulinganishe matundu ya boliti pamoja na ule ukingo wa katikati ya flenji.

DerevaHimo
Kusogeza si dhambi kama meno yana nafasi. Nimeona gari zinatembea hivyo miaka.

FundiPasua
Sawa kaka, zikiwa na nafasi. Mimi nakata cha mbele. Ila apewe fundi mkereza vyuma, si mchomeleaji wa mageti: bomba likipinda kidogo tu, gari inatetemeka na krosi (viungo vya propela vinavyojipinda) hazidumu. Masikio ya krosi yarudi kwenye mstari uleule, na ibalansiwe. Mwinamo wa giaboksi na wa difu usipishane zaidi ya digrii 1. Programu ya simu inatosha kupima.

MchangaKisongo
Nimelegeza beringi ikarudi zile sentimita 4. Meno ya nyuma yamebaki na milimita 10, na gari tupu! Wazo la kusogeza nimeliacha. Kesho nashusha cha mbele kikatwe. Pale Moshi mjini, nani anabalansi propela za Fuso?

DerevaHimo
Kwa milimita 10 hata mimi nisingeipakia. Kata, mkuu.