Naomba ushauri: Dola milioni 9.64, nafasi tatu, msimu wa 2026 (MLB)

Wakuu, napanga usajili wa timu ya kubuni kwa kanuni za ligi kuu ya besiboli Marekani. Bajeti ya mishahara ni dola milioni 110, na hesabu ya wachezaji 26 iko hivi: sita wenye mikataba wanakula milioni 71, watano wa usuluhishi wa mishahara (wasipoelewana na timu, wasuluhishi huamua mshahara wao wa mwaka) nawakadiria milioni 17, na 12 wa kima cha chini (780,000 kila mmoja) wanafika milioni 9.36. Nimetenga milioni 3 za kulipa wanaopandishwa kutoka ligi ndogo kuziba pengo la majeruhi. Wengi husahau hili, na ifikapo Juni mfuko unalia.

Zinabaki milioni 9.64 kwa nafasi tatu: nahitaji mdakaji, mrushaji wa kuanza anayetumia mkono wa kushoto, na mtu wa benchi.

Mlinzi wangu wa kituo cha kwanza, mmoja wa wale watano, atadai kama milioni 6. Nikimwachia Novemba kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwapa mkataba wachezaji wa aina hiyo, nikaweka kijana wa kima cha chini, naokoa milioni 5.22, ila anaondoka bure. Kumuuza mapema ni bora, lakini kila timu inajua umebanwa na wakati, kwa hiyo ofa huwa za kichovu.

Mtu wa benchi nawaza kumchukua kwenye rasimu ya Rule 5 (timu huchagua wachezaji wa timu nyingine ambao hawakulindwa), Desemba: ada ni 100,000 tu, ila lazima akae kwenye kikosi cha 26 msimu mzima, la sivyo timu yake ya zamani ipewe nafasi ya kumrudisha kwa 50,000.

Mngemwachia huyo wa kituo cha kwanza? Na mdakaji au mrushaji, nani apewe fungu kubwa?