Tupeane uzoefu: ulikipataje kikundi cha kuacha pombe, na siku ya kwanza ilikuwaje?

Mtoa mada
Wakuu habari. Kila mtu akiulizia namna ya kuacha ulabu anaambiwa "tafuta kikundi", basi imeisha hiyo, hakuna anayesema kinapatikanaje, ukifika unakaa wapi, unalazimishwa kuongea au la. Naanza mimi, wengine mtaongezea.

Nilianza na AA (Alcoholics Anonymous) kwa sababu ndio jina nililokuwa nalisikia, hawa walianzia Akron kule Marekani 1935, dalali mmoja wa hisa na daktari mmoja, walevi wote wawili, wakaona wakikaa wakipiga stori wao kwa wao ile hamu inashuka. Nikatafuta ratiba yao mtandaoni, nikakuta namba, nikapiga na kukata mara kadhaa, mwisho nikaongea. Aliyepokea sio karani, ni mtu aliyekuwa anapiga mtungi kama mimi. Hakutaka jina la ukoo wala kazi yangu. Akaniuliza tu kama nataka kuacha, nikasema ndio, akasema sharti ni hilo hilo, hamna lingine. Na hakuna ada.

Kwenye ratiba angalieni kitu kimoja, kuna vikao vya wazi na vya kufungwa. Cha wazi anaingia yeyote hata ndugu yako wa kukusindikiza, cha kufungwa ni kwa wenye shida ya pombe tu. Mimi nilichagua cha wazi nikajiambia nikiulizwa nitasema nimekuja kusikiliza, hakuna aliyeuliza. Viti vimezunguka, mtu anasoma utangulizi, kisha mmoja mmoja anaongea na wengine kimya, hakuna kumkatiza wala kumjibu mwenzio. Zamu yangu ilipofika nikasema "napita" wakaendelea na wa pembeni yangu kama kawaida. Kikapu cha michango kinapita ila mgeni wanamwambia asijisumbue.

Kile kikundi cha kwanza sikurudi lakini, watu wazuri ila wamezoeana mno, nusu ya stori sizielewi. Nikahamia kingine cha siku nyingine ndio nipo hadi leo. Msihukumu vikundi vyote kwa kimoja jamani.

Mama Wawili
Asante mtoa mada. Kwa akina dada naongezea, mimi nilikuta wanaume watupu na mmoja kikao hakijaisha vizuri ananiomba namba eti anisaidie. Mazoea ni kwamba msimamizi wako, yaani mwanachama mzoefu anayekushika mkono, wenyewe wanamwita sponsa, awe wa jinsia yako, kwa mimi basi awe mwanamke, sasa yeyote akija na haraka ya hivyo mkwepe na mwambie anayeongoza kikao. Kuna vikao vya wanawake peke yao ndani ya AA, halafu kuna Women for Sobriety ilianzishwa 1975 na Jean Kirkpatrick, ni ya wanawake tu na ina vikao vya onlaini. Kule niliweza kuongelea watoto bila mtu kunikodolea macho.

Kobe wa Usiku
Mimi zile hatua 12 za kuacha pombe wanazofuata AA zilinishinda kwenye habari za Mungu, japo wanasema "Mungu kadiri unavyomwelewa" na kuna wasioamini kabisa wanaoenda na wanafaidika. Nikaenda SMART Recovery, ipo tangu 1994, hakuna sponsa, hakuna kujitambulisha kuwa mlevi, mnachambua nini kinakusukuma kunywa na utafanya nini kikikujia, yaani ni mazoezi na karatasi. Ubaya wake vikao vya ana kwa ana ni vichache ukilinganisha na AA, na anayeongoza akiwa mvivu inakuwa kama semina ya kazini. Nakaa nayo hivyo hivyo.

Shemeji Mkubwa
Naomba hili lisipite juu juu. Shemeji yangu alikuwa anakunywa kila siku kuanzia asubuhi, akapata moto wa kikundi, akaacha ghafla peke yake nyumbani ili afike kikaoni akiwa mkavu. Alipata degedege. Arosto ya pombe, yaani mwili kusumbuka ukiacha ghafla, inaweza kuua, mitetemo na jasho vinaweza kuanza ndani ya masaa machache baada ya glasi ya mwisho, degedege mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, na maruweruwe ya kuona vitu visivyokuwepo yanaweza kuja siku ya pili au ya tatu. Kama ukikosa asubuhi mikono inatetemeka, anza kwa dokta na umwambie ukweli kiasi unachokunywa, kuna dawa za kukushusha taratibu na watakupa na vitamini B1. Kikundi utaenda tu, hakikimbii.

Mtoa mada
Shemeji umenena. Yule aliyepokea simu hata mimi aliniuliza habari za mikono nikashangaa inahusianaje, kumbe.

Nipo Kimya
Mnywaji sio mimi, ni mume wangu na hataki kusikia. Naenda Al-Anon, ya ndugu na wenza, ipo tangu 1951. Msitegemee kufundishwa mbinu za kumwachisha, mimi nilienda na daftari kabisa kuandika mbinu, nikaambiwa pombe yake sikuisababisha, siwezi kuidhibiti na siwezi kuiponya. Nilikasirika sana. Naendelea kwenda, silali tena nikihesabu chupa.

mgeni_01
Maswali mawili wakuu. Ukirudia kunywa wanakufukuza? Na vya onlaini lazima kuonekana sura?

Mama Wawili
Hawafukuzi mdogo wangu, waliorudia na kurudi tena wamejaa, siku ukija umekunywa vikundi vingi vitakuomba usikilize tu usiongee. Onlaini kamera unaweza kuzima na jina ubadilishe kabla hujaingia, maana simu nyingi zinaweka jina lako kamili bila kukuuliza. Vipo vinavyoomba mgeni awashe kamera kidogo waone ni mtu kweli, hutaki, toka utafute kingine, vipo karibu kila saa mchana na usiku.