USHAURI: Nimpeleke mzee akawaone ZZ Top wakati Dusty Hill hayupo?

KijanaWaChumbageni:
Wakuu habari za muda huu. Niko Houston huku Texas naendesha malori, na mzee wangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Mzee enzi zake alipiga besi kwenye bendi ya dansi, na kaseti ya Eliminator ya ZZ Top, bendi ya rock ya huku Texas, ilikuwa haitoki kwenye redio ya sebuleni, sisi tumekua na yale magitaa hata kabla hatujajua wale jamaa wa madevu ni wa wapi. Sasa ZZ Top wana shoo masaa machache kutoka hapa, nataka nimkatie tiketi kimyakimya. Shida ni kwamba Dusty Hill mpiga besi alifariki Julai 2021 na rafiki yangu mmoja ananiambia nisitupe hela, ile siyo ZZ Top tena, kabaki babu mmoja anazuga. Tiketi za karibu ni hela ndefu. Na mzee akienda kwenye muziki anasikiliza besi tu, akimkuta mtu mwingine anaweza kununa shoo nzima. Nimpeleke au niachane nayo? Nawasilisha.

mpenda_santuri:
Mpeleke, tena bila kujiuliza mara mbili. Wale watatu, Billy Gibbons wa gitaa, Dusty wa besi na Frank Beard wa dramu, shoo yao ya kwanza pamoja ilikuwa Februari 1970 pale Beaumont, hukohuko Texas, na wakakaa hivyohivyo mpaka Dusty anafariki, miaka 51 bila kubadilisha mtu. Halafu kuhusu huyo mpiga besi mpya, rafiki yako hajakwambia kwamba Elwood Francis hakuokotwa barabarani. Alikuwa fundi wa magitaa yao kwa miongo kama mitatu, anajua kila waya. Dusty nyonga ilimsumbua katikati ya ziara akarudi nyumbani, na ni yeye mwenyewe aliyesema Elwood ashike besi shoo ziendelee. Siku chache baadaye akafariki akiwa na miaka 72. Kwa hiyo yule kakabidhiwa na mwenyewe.

SinaBayaJamani:
Mkuu hapo juu umeongea kwa mapenzi ila mimi niko upande wa rafiki yake. Rolling Stones wamebadilisha watu tangu zamani, Fleetwood Mac ndo usiseme, walianza London 1967 wakipiga blues wakaishia kuwa bendi nyingine kabisa. Hao tumewazoea. Ila ZZ Top sifa yao KUBWA ilikuwa ni wale wale watatu, ukitoa mmoja unabaki na nini? Na 2025 Frank Beard naye alikaa pembeni kwa sababu ya afya, dramu akashika John Douglas ambaye naye ni fundi wao. Kwa hiyo kuna uwezekano mtoa mada akalipia watatu akamuona mmoja. Angalia kwanza nani yuko jukwaani ndo utoe kadi.

KijanaWaChumbageni:
@SinaBayaJamani la Frank sikulijua asante. Halafu swali jingine, hivi hawa wanaosemwa ni bendi ya blues, ni kweli? Maana mimi nachokijua ni lile gari jekundu na vinanda vya umeme.

mpenda_santuri:
Hilo gari la kwenye jalada la Eliminator ni Ford ya 1933, na wewe umeingilia mlango wa 1983 ilipotoka albamu hiyo, ndo maana. Ina mashine ya dramu na sinti kibao, yaani hivyo vinanda vya umeme, iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, mashabiki wa zamani wengine wamenuna mpaka leo. Ila rudi nyuma. Dusty kabla ya ZZ Top alishapiga nyuma ya Lightnin' Hopkins, yule mzee wa blues wa hapohapo Houston unapoishi. Chukua albamu yao Tres Hombres ya 1973, sikiliza Waitin' for the Bus inavyoingia Jesus Just Left Chicago bila hata kupumua. Lakini ANGALIZO, usichukue zile CD za miaka ya 80, 1987 walichanganya sauti upya wakapachika dramu za kidijitali zikaharibika kabisa, tafuta toleo la 2006 lenye mchanganyo wa mwanzo. Mpigie mzee hiyo kwenye gari mkiwa njiani, na mwambie asikilize Dusty anavyokaa. Hatembeitembei. Anashika noti yake palepale na kiki ya Frank (ile dramu kubwa ya mguu), anamwachia Billy uwanja wote, na gitaa moja linajaa ukumbi kama yako matatu. Mpiga besi wa dansi atalielewa hilo kuliko sisi.

mama_Rehema:
Nyie mnabishana mambo ya majukwaa 😂 mimi nina moja tu, huyo mzee ni mtu wa msikitini? Kama ndiyo usije ukamtafsiria La Grange, wimbo wao wa kwenye hiyo Tres Hombres. Ule wimbo ni wa danguro lililokuwa nje ya mji wa La Grange hukohuko Texas, likafungwa mwaka huohuo wa 1973.

KijanaWaChumbageni:
😂😂 Dada Rehema asante sana, nilikuwa nimepanga tupitie La Grange apige picha.

Fundi_Gita254:
Mi niko Nairobi na huwa natengeneza magitaa, wacha niongeze kitu. Watu wanamuona Billy ni madevu na miwani, lakini huyo jamaa alienda Clarksdale, Mississippi, akapewa kipande cha mbao ya kibanda alichokuwa akiishi Muddy Waters, nguli wa blues, akatengenezesha nacho gitaa, wakaliita Muddywood. Jeupe, lina mstari wa buluu unaojipinda kama mto Mississippi. Hakulificha kwake, lilizungushwa kuchangia pesa za jumba la makumbusho ya blues pale Clarksdale. Mtu kama huyo akiamua kuendelea bila mwenzake mimi namwamini, hafanyi kwa sababu ya njaa.
Dusty naye, walipopumzika mwisho wa miaka ya 70 alienda kufanya kazi ya kawaida uwanja wa ndege wa Dallas, ati ajisikie mtu wa kawaida. Wakati huo tayari ni staa bana!

SinaBayaJamani:
Sawa, nalegeza kidogo. Ila mkuu usifanye sapraizi. Mwambie mzee mapema kwamba Dusty hayupo, akikubali kwenda ameenda kwa hiari yake. Kumkuta mtu mwingine na besi pale mbele bila kuambiwa, hiyo ndo itamuuma.

KijanaWaChumbageni:
Nimempigia leo. Kumbe alishajua tangu 2021, akaniuliza tu huyo mpya anapiga kwa kidole au kwa piki. Nimekata tiketi mbili za katikati, za mbele zimenishinda. Kuna aliyewahi kwenda na mtu mzima, wanaruhusu kuingia na dawa zake za presha na zile za kuziba masikio?

mama_Rehema:
Dawa abebe kwenye chupa yake yenye jina, ila angalia masharti ya ukumbi wenyewe, hayafanani. Za masikio nunua kabla, mlangoni utapigwa bei.